Mikono ya daktari wa ng'ombe

Mitihani imeisha, bumu nalo limeisha, basi leo tupige historia kidogo.

Kuna dogo wa nyumbani Gorong'a kamaliza form four, anataka kusomea kukanda wanyama. Kaona kwenye simu farasi wa majuu wanavyokandwa mgongo. Pale kijiweni wamemcheka: "Mura, ng'ombe naye akandwe kama mzazi?" Mimi sijacheka.

Huko majuu, mmoja wa walioitangaza kazi hiyo ni Jack Meagher wa Marekani. Alikuwa akikanda wanamichezo, akahamishia ujuzi kwa farasi wa mashindano, na mwaka 1985 akatoa kitabu. Yaani fani ile ilizaliwa michezoni.

Kwetu ilizaliwa msibani. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, watu wakafa njaa. Mwaka 1905 Wajerumani wakafungua kituo cha mifugo Mpwapwa. Tangu hapo mafunzo yakaegemea sindano na maabara. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha udaktari wa mifugo kule Morogoro, na mwaka 1984 ikazaliwa SUA. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha, na mwaka huohuo vyuo vyetu vya mifugo vikawekwa chini ya wakala mmoja, LITA. Kampasi ya Mabuki, Misungwi, si mbali sana na kwetu.

Je, mikono ilisahaulika? Wapi! Ng'ombe akishukiwa ndigana kali, mtaalamu anapapasa kwanza tezi za chini ya sikio na mbele ya bega. Kwenye kukamua, kiwele kinakandwa ili maziwa yashuke. Hapo mzee wa Kikurya na mwanachuo wanaelewana bila mkalimani. Ila Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka anayetibu atambuliwe na Baraza la Veterinari.

Kwa hiyo dogo nimemwambia: anza na cheti cha afya ya mifugo, kukanda kutafuata. Ukimkanda ng'ombe mwenye ndigana ukidhani kachoka tu, atakufia mikononi. Na kwetu ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto wa mtu.

Wenye ndugu waliopita LITA, mnamshaurije? Tuko pamoja.