Mkono wa Nani? Habari za Vipimo vya Urefu

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vipimo vya urefu, na jinsi wanadamu walivyotafuta kipimo kisichobadilika.

Wazee wetu walipima kwa viungo vya mwili. Shibiri mbili zilikuwa mkono mmoja, ndio dhiraa. Mikono miwili ilikuwa wari, na minne ilikuwa pima. Kwa mtu ajengaye nyumba yake mwenyewe vipimo hivi vilitosha, maana mkono uliopima nguzo ndio uliopima na boriti. Shida ilikuwa katika biashara.

Katika karne ya 19 watu wa pande za Ndanda, Masasi na Newala walishuka Lindi na Mikindani wakichukua mpira na sandarusi, wakarudi na nguo. Doti moja ya merikani ilihesabiwa mikono minane. Lakini mkono wa nani? Dhiraa kamili ilitoka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde iliishia penye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Tuseme tofauti ni vyanda vinne tu: katika doti moja vyapotea vyanda 32, navyo vyazidi mkono mzima, kwa kuwa mkono ni kadiri ya vyanda 24. Basi mtu aliyejitwika mzigo wake mwendo wa siku nyingi aliweza kupunjwa, na hesabu ya mikono minane isipungue hata mmoja.

Wadachi, ambao kwao mita ilikuwa kipimo cha sheria tangu 1872, walikuja nayo; baada yao Waingereza wakaja na yadi, iliyokaribiana na wari. Mita ilianza Ufaransa, nayo ilikusudiwa kuwa sehemu moja katika milioni kumi ya masafa toka Ncha ya Kaskazini hata ikweta. Mwaka 1889 ufito wa madini uliowekwa karibu na Paris ukawa ndio mita ya mataifa. Mwaka 1959 yadi nayo ilifungamanishwa na mita, ikawa mita 0.9144 kamili. Tangu 1983 mita hujulikana kwa mwendo wa nuru, ambayo hupita mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Nuru haina mkono mrefu wala mfupi.

Leo katika Tanzania Wakala wa Vipimo hukagua vipimo vya wafanya biashara. Lakini mita iliyokatwa ncha ni dhiraa konde iliyorudi. Kwa hiyo, ndugu zetu, mnaponunua nguo, tazameni kwanza ufito, kisha ndipo mhesabu.