Makombora ya Tunguu

Wiki nzima nimezama kwenye makaratasi, mafua ya vumbi juu.

Chanzo ni bibi yangu. Tangu nikiwa mdogo akituambia kuwa Wamarekani walificha makombora Tunguu. Nikasema safari hii nitafute mwenyewe. Nikaenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kisha nikamalizia na kumbukumbu za NASA zilizoko kwenye intaneti.

Ukweli ni kwamba Oktoba 1960 Marekani na Uingereza zilitiliana saini kujenga Zanzibar kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury. Vituo vilikuwa 18 kuizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa meli. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza: kupokea sauti ya rubani na vipimo vya mwili wake kwa dakika chache anazopita, basi. ZNP wakapinga kwa nguvu, wakihofia kisiwa kitageuzwa shabaha ya vita vya wakubwa. Na mimi siwalaumu. Mkoloni katia saini, mwananchi hakuulizwa, halafu anaambiwa asiwe na wasiwasi!

Sasa sikilizeni hii. Februari 20, 1962 John Glenn aliruka kutoka Florida. Nikapiga hesabu za saa: mara ya kwanza alipita kwetu baada ya saa 12 jioni. Nikafungua kalenda ya Kiislamu: Ramadhani, 1381. Yaani watu wamekaa wanangoja adhana, uji umeshaiva, na juu yao kuna mtu anakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, anaulizwa hali na daktari aliyeko Unguja.

Yakaja Mapinduzi, Januari 12, 1964. Kesho yake Wamarekani wengi wakaondolewa kwa manowari. Aprili serikali ya Karume ikataka kituo kiondoke, na Madagaska ikachukua nafasi yake.

Nilimsomea bibi haya yote. Habari ya makombora hakuijali tena. Akanyamaza, kisha akauliza:

"Huyo bwana, siku ile, alituona?"

Nikamwambia alikuwa zaidi ya kilomita 200 juu, bibi.

"Sikukuuliza umbali, mjukuu wangu."

Nimerudi kwenye maandishi ya mazungumzo yake na kituo. Natafuta.