Nyuki Ndani ya Gitaa

Kama wewe ni mpiga gitaa wa mjini, na mfuko wako unafanana na wangu, basi mashine hii unaijua. Ni kidude cha bati au plastiki, ukubwa wa kitabu, kina vitufe vya kukanyaga na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Ndani yake, eti, zimo amplifaya kumi, spika kumi, mwangwi wa kanisa, mwangwi wa pango na mkwaruzo wa kila aina. Unachomeka gitaa upande huu, waya wa mikisa upande ule, unakanyaga, na kinachotoka kwenye spika za ukumbi ni nyuki. Nyuki kabisa, tena waliochokozwa. Wazee wa muziki wakisikia wanacheka: dijitali hiyo, mtoto wa kinanda!

Mimi kicheko hicho sikikubali, ingawa nyuki nawasikia kama wao. Nyuki wale wana historia, na mtu akiijua historia yao anaweza kuwafukuza bila kununua kitu kipya. Ndiyo maana naiandika hapa, kwenye gazeti la watu wa hadithi na mashairi. Wahariri wanisamehe.

Sauti chafu ya gitaa, ile ambayo leo watu wanailipia, ilianza kama ubovu. Link Wray, Mmarekani, alitoboa spika yake matundu ili apate mngurumo alioutaka kwenye "Rumble", wimbo usio na maneno uliotoka mwaka 1958. Huko Nashville, Grady Martin alikuwa akirekodi gitaa la besi katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, na mikisa ikaharibika njia moja. Sauti ikatoka imechanika. Badala ya kuifuta waliiacha, na fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuutengeneza ubovu ule makusudi kwa transista. Hiyo ndiyo ikawa Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962, pedali ya mkwaruzo iliyouzwa na kampuni ya Gibson. Huko Uingereza mwaka 1964 kijana Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akakata koni ya spika ya amplifaya yake ndogo. Wembe, bwana! Wengine tunalia waya ukikatika.

Cha kuchekesha ni kwamba pedali ile ya Gibson ilitangazwa kama chombo cha kulifanya gitaa lilie kama tarumbeta na ala nyingine za kupuliza. Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia hivyo hivyo mwaka 1965 kwenye "Satisfaction": alitaka kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingekuja kupigwa baadaye. Tarumbeta hazikuja. Kilichokuwa cha kuzuga ndicho kilichouzwa dunia nzima. Likumbuke hilo mtu akikuambia kwamba mashine yako ni ya kuiga.

Sasa tuingie ndani ya amplifaya, maana nyuki wanatokea hapa. Amplifaya za zamani zilitumia valvu za kioo. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti kwa ghafla. Inaibana polepole, na kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo inavyobana zaidi. Mkono wako unaamua. Baada ya valvu kuna spika, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Spika ya gitaa si spika ya redio. Ile ya inchi 12 inaanza kuchoka ukifika kama mizunguko 5,000 kwa sekunde, na juu ya hapo haitoi kitu cha maana. Spika za ukumbi, au za redio ya nyumbani, zimetengenezwa zifike karibu na 20,000. Mkwaruzo huzaa sauti nyembamba nyingi sana huko juu, ambazo spika ya gitaa ilikuwa inazimeza kimya kimya. Ukiuchukua mkwaruzo ukaupeleka moja kwa moja kwenye mikisa, umeondoa chujio. Kila kilichokuwa kinamezwa kinatoka nje, na hao ndio nyuki. Hilo lingetokea hata kama kungekuwa hakuna dijitali duniani.

Mwangwi nao una safari yake. Kwanza ulikuwa ukanda: mashine inarekodi sauti na kuisoma tena baada ya kitambo kidogo, kama Space Echo ya Roland, RE-201 ya mwaka 1974. Kisha watu wawili wa kampuni ya Philips, Sangster na Teer, walibuni mwaka 1969 chipu inayopokezana umeme kidogo kidogo kutoka chumba hadi chumba, kama majirani wanaozima moto kwa kupasiana ndoo. Nayo inaitwa hivyo hivyo, ya ndoo. Katika kupasiana, maji kidogo humwagika. Ndiyo maana kila mwangwi wa ndoo, na wa ukanda vilevile, unakuja mweusi kuliko uliotangulia. Mwaka 1983 Boss walitoa DD-2, pedali ndogo ya kwanza ya mwangwi wa dijitali. Hii haimwagi maji. Inaigeuza sauti kuwa namba, inaziweka, inazirudisha kama zilivyokuwa. Na watu wakalalamika kwamba ni safi mno! Baadaye watengenezaji wakaanza kuandika programu za kuuchafua mwangwi ili ufanane na ukanda. Line 6 waliuza DL4 mwaka 1999, pedali ya kijani, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuiga mashine ambazo dijitali ilikuja kuziua.

Hizo namba zinapatikana kwa kupima sauti mara nyingi kila sekunde. Kwenye sidii, kwa mfano, mara 44,100. Kanuni ni kwamba huwezi kushika sauti iliyo juu ya nusu ya hesabu hiyo. Kwa gitaa safi hakuna taabu. Kwa mkwaruzo kuna taabu kubwa, kwa sababu mkwaruzo unazaa sauti mpya ndani ya mashine kwenyewe, nyingine juu ya ile nusu, na zikifika ukutani hazipotei. Zinarudi chini mahali pasipo pake, nje ya ufunguo wa wimbo, kama mlevi aliyekataliwa mlangoni akapitia dirishani. Dawa yake ni kupima mara nyingi zaidi ndani kwa ndani, na hiyo inataka chipu yenye nguvu, nayo ni pesa. Kwa hiyo mashine za bei ndogo za miaka ya 1990 zilikuwa na sababu halali ya kuchekwa. Zoom 9002 ya mwaka 1990 ilikuwa ndogo kiasi cha kuvaliwa na mpiga gitaa. Ni ajabu kwamba ilitoa sauti yoyote.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakaja na amplifaya ya kuiga amplifaya mwaka 1996 na ile POD nyekundu mwaka 1998, Fractal wakaleta Axe-Fx mwaka 2006, na Mjerumani Christoph Kemper mwaka 2011 akaonyesha mashine inayoisikiliza amplifaya yako na kuinakili. Za juu zina bei ya pikipiki. Tuziache.

Tubaki na kidude chetu. Mimi kwanza hutafuta kile kitufe cha kuiga spika. Kama waya unakwenda kwenye mikisa, kiwe wazi. Kama unakwenda kwenye amplifaya ya gitaa, kizimwe, la sivyo unaipitisha sauti kwenye spika mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, na inakuwa uji. Kama mashine haina kitufe hicho, mwombe fundi mitambo apunguze kila kitu kilicho juu ya 5,000 kwenye njia yako, na akikuuliza kwa nini, mpe gazeti hili. Mkwaruzo ninaushusha hadi nusu ya walivyouweka kiwandani, maana sauti za kiwandani zimepikwa ili zimvutie mteja dukani akiwa peke yake, hajaja na mpiga ngoma. Mwangwi wa ukumbi nauzima kabisa, kwani ukumbi ninaopigia tayari una mabati na sakafu ya saruji, mwangwi wa bure. Na kubwa kuliko yote: sauti huipangi chumbani usiku kwa spika za sikioni. Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na sauti nyembamba kwa kipimo kile kile sauti ikiwa ndogo na ikiwa kubwa. Ulichokipamba kwa sauti ya chini kitakuja kukutoboa masikio kikipandishwa. Nenda mapema ukumbini, pandisha, ndipo upange.

Hayo ni ya mashine. Kuna lingine.

Kundi letu lilikuwa na magitaa matatu kama bendi nyingi za dansi: solo, ridhimu, na sekondi solo katikati akijibizana na wote wawili. Malipo ya ukumbi yalipopunguzwa, sekondi solo akatafuta kazi nyingine. Mimi nikaujaza mwanya kwa mwangwi. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo, unapata urefu wa pigo moja kwa sehemu za elfu moja za sekunde. Mwendo wa 120 unatoa 500. Chukua robo tatu yake, 375, mwangwi uwe mmoja tu na karibu sawa na sauti yenyewe, piga mfululizo mwepesi, na mashine itakuwa inaangukia katikati ya vidole vyako kama mtu wa pili. Watu walicheza. Mwenye ukumbi hata hakugundua kwamba mtu amepungua.

Mzee wetu wa solo aligundua. Tulipomaliza alinijia nikikunja waya.

"Mwanangu, huyo uliyempiga naye ni nani?"

"Mashine, mzee wangu."

"Nimesikia. Anakubali kila unachosema."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina lote. Ni kweli kwamba mwangwi haukatazi. Sekondi solo wetu alikuwa akiona unarefusha sebene bila mpango anakubadilishia chini yako hadi unashtuka. Lakini ni kweli pia kwamba bila 375 yangu yule mwenye ukumbi angetuambia magitaa yote yaende, kinanda kinatosha, kama alivyoambiwa jirani yetu. Nani amemla nani hapo? Mashine imemla mtu mmoja, au imewaokoa wanne waliobaki? Mimi naegemea upande wa wanne, ila simwambii mzee kwa sauti.

Sauti za kiwandani ndani ya mashine yangu karibu zote ni za roki ya Marekani na Uingereza. Hakuna hata moja iliyo safi, yenye kung'ata kidogo pembeni, ya kupigia dansi. Hiyo nimeitengeneza mwenyewe kutoka kwenye amplifaya safi, mkwaruzo mdogo kabisa na besi iliyopunguzwa. Siku hizi kuna programu za bure za kompyuta zinazonakili amplifaya yoyote: unaipigia sauti maalumu ya majaribio, unairekodi inavyojibu, kompyuta inajifunza. Mzee ana amplifaya ya valvu nyumbani kwake, imefungwa kwa kanga juu ya kabati, na koni ya spika yake ilishabandikwa upya na fundi wa mtaani, kwa hiyo hailii kama ilivyotoka kiwandani. Nimemwomba tuinakili kabla valvu hazijafa.

Kwanza alikataa. Kisha akauliza kama hiyo kompyuta inaweza kunakili magitaa mawili kwa pamoja, kwa sababu amplifaya ile ina matundu mawili, na miaka yote waliichangia yeye na sekondi solo. Mmoja akikandamiza, sauti ya mwenzake nayo inabanwa, zinachanganyika humo ndani. Nikamwambia programu inasikia tu kile kinachoingia na kinachotoka, hivyo labda inawezekana, lakini lazima wote wawili wawepo tuhakikishe kwa masikio.

Akasema basi nimtafute huyo mwenzake. Nimeambiwa yuko bandarini, zamu ya usiku. Nitakwenda Jumatatu.