Jicho na Dirisha Lake

Mwanzoni mwa karne ya 15, katika mji wa Florence nchini Italia, aliishi fundi aitwaye Filippo Brunelleschi, yule ambaye baadaye alijipatia sifa kuu kwa kujenga kuba la kanisa kubwa la mji huo. Fundi huyu alichora juu ya ubao mdogo picha ya jengo la ubatizo la San Giovanni, kisha akautoboa ubao wenyewe tundu. Mtazamaji hakuitazama picha kwa mbele. Alisimama nyuma ya ubao, akatia jicho penye tundu, na kwa mkono wa pili akashika kioo mbele yake, akaiona picha ndani ya kioo. Hivyo jicho lake halikuwa na hiari: lilikaa pale pale Brunelleschi alipotaka likae, na jengo lililochorwa likaonekana kama jengo lenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, mtaalamu mwingine wa zama hizo, aliandika kitabu juu ya uchoraji, akaifananisha picha na dirisha lililo wazi. Naye alijua kwamba dirisha hilo lina sharti. Mtazamaji akisimama mbali kuliko ilivyokusudiwa, au karibu mno, vitu hupotewa na sura yao ya kweli.

Sharti hilo la kale ndilo linalowatesa vijana wengi leo, ingawa hawajapata kulisikia jina la Alberti. Mwaka 1992 kampuni ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo wa kompyuta wa Wolfenstein 3D, na mwaka uliofuata ikatoa Doom. Katika michezo hiyo mchezaji haoni kijimtu kinachotembea juu ya skrini. Huuona ulimwengu kwa macho ya mhusika mwenyewe, akapita katika ujia kwa kasi na kugeuka ghafula. Watu waliipenda mno. Lakini wako waliotoka jasho jembamba, wakaumwa kichwa, wakaona kichefuchefu, na hali walikuwa wameketi juu ya viti vyao.

Sababu yake si woga, wala si udhaifu wa moyo. Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, ambavyo huuarifu ubongo kila kichwa kigeukapo. Abiria aliyefungiwa ndani ya chombo baharini hutikiswa, na sikio lake lasema, "Twayumba," huku jicho likiona kuta zimetulia. Mchezaji wa Doom amepatwa na kinyume chake: jicho lasema, "Twakimbia," na sikio lasema, "Tumeketi." Mashahidi wawili wakigombana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Jambo hili lilijulikana kabla ya michezo hiyo kuwako, kwani mwaka 1957 huko Marekani iliandikwa ripoti juu ya marubani waliougua ndani ya chombo cha kufundishia urushaji wa helikopta, chombo ambacho hakikuruka hata kidogo.

Sasa, dirisha la mchezo lina upana wake, nao hupimwa kwa nyuzi, kama pembe zinavyopimwa darasani. Katika Quake, mchezo wa mwaka 1996 wa kampuni ile ile, upana wa kawaida ulikuwa nyuzi 90, na mchezaji aliyejua aliweza kuandika amri fupi akaubadili. Huo ulikuwa uhuru wa thamani, ijapokuwa wengi waliutumia ili wamwone adui upesi, si kwa ajili ya kupata nafuu.

Matata yalizidi michezo hii ilipohamia sebuleni. Hebu tupige hesabu. Skrini ya kompyuta yenye upana wa sentimita 60, ikiwa mbali na jicho kwa sentimita 60, huchukua nyuzi 53 hivi za macho yetu. Televisheni yenye upana wa mita 1, ikitazamwa kutoka kitini umbali wa mita 2 na nusu, huchukua nyuzi 23 tu. Basi watengenezaji waliowafikiria watu wa sebuleni walilipunguza dirisha la mchezo likawa dogo, mathalani nyuzi 65 hivi, nao hawakukosea. Kosa lilikuwa kumpelekea dirisha lile lile mtu wa mezani, aliyeikaribia skrini kwa kiasi cha mkono mmoja. Huyo alijiona kama anayetembea huku akichungulia kwa bomba. Kila alipogeuka kidogo, ulimwengu mzima ulimpita kwa mbio, na kichefuchefu kikamrudia.

Mwaka 2007 ulipotoka mchezo wa BioShock, wenye televisheni pana walivumbua jambo la ajabu: skrini yao pana haikuwaonyesha zaidi kuliko ile ya zamani, bali picha ilikatwa juu na chini. Walilalamika kwa sauti kubwa, na baadaye wakapewa masahihisho yaliyowaachia hiari. Mimi naona walalamikaji walikuwa na haki. Watengenezaji nao wana hoja zao, kwani dirisha pana huitwisha mashine kazi ya kuchora vitu vingi zaidi, na mwenye kuona sana humshinda mwenye kuona kidogo. Hata hivyo si haki mtu afungiwe nje ya mchezo na sikio lake mwenyewe, kisha wenzake wamcheke kuwa ni mwoga. Halo, mchezo uliojulikana tangu mwaka 2001 katika mashine ya Xbox, uliwapa wachezaji wa sebuleni hiari hiyo kwa ukamilifu katika Halo Infinite ya mwaka 2021, hata kufikia nyuzi 120.

Lakini asidhani mtu kuwa upana ukizidi ndiyo raha huzidi. Dirisha likipanuliwa mno, kingo za picha huvutika, na adui aliye mbali huwa mdogo kama sisimizi. Tena kwa wale wanaovaa skrini usoni mambo hugeuka. Mwaka 2016 Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kuwa kuipunguza picha kidogo kidogo pembezoni, wakati mchezaji anapotembea, humpunguzia maradhi. Kwa hiyo apimaye na apime kwa mwili wake: aongeze nyuzi 5, acheze robo saa, aone; na kichefuchefu kikianza, aache hapo hapo, maana kukivumilia hukizidisha.

Na atazame vilevile ni upana gani unaohesabiwa. Michezo mingine hupima dirisha kwa ubavu, mingine kwa wima. Minecraft, katika toleo lake la Java, hupima kwa wima. Nyuzi zake 70 za kawaida, katika skrini pana ya siku hizi, ni sawa na nyuzi 102 za ubavuni. Ukikisogeza kipimo hicho mpaka mwisho, penye nyuzi 110, huoni tarakimu. Utakuta pameandikwa maneno mawili, Quake Pro, ukumbusho wa wale wachezaji wa mwaka 1996 na amri yao fupi.