Pumzi ya Mtu Mmoja: Rungwe, Kanisa na Adhabu ya Kifo

Mjadala wa adhabu ya kifo nchini kwetu huachiwa wanasheria, kana kwamba ulianzia kwenye vitabu vya sheria na utaishia humo. Katika makala haya ninapendekeza tuutazame kutokea Rungwe. Wilaya hii, katika muda usiozidi vizazi vitano, imeishi chini ya mamlaka tatu zilizodai haki ya kuamua nani afe: mila, dola, na kundi la watu wenye hasira. Katika kipindi hicho hicho imehubiriwa amri ya tano, isemayo: usiue. Historia ya mvutano huo ina funzo kwa taifa zima.

Tuanze na mila. Wanyakyusa walikuwa na kiongozi mtakatifu aliyeitwa Lwembe, ambaye makao yake yalikuwa Lubaga. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walisimuliwa na wazee jambo zito: Lwembe hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Alipougua sana, washauri wake walimziba pumzi. Kabla hajakata roho, walichukua nywele na kucha zake ili nguvu ya rutuba isiondoke naye. Mvua, mazao na uzazi wa nchi nzima vilidhaniwa kuning'inia kwenye mwili wake. Si ajabu, basi, kwamba waliochaguliwa kushika cheo hicho walikikimbia, na ikabidi wakamatwe kwa nguvu.

Msomaji asifanye haraka kuwaita wazee wale wakatili. Hawakuua kwa chuki wala kwa tamaa. Waliua kwa hoja, na hoja yao ilikuwa hii: afe mmoja ili wengi waishi. Naomba hoja hiyo ikumbukwe, kwa maana tutakutana nayo tena mahali tusipotarajia.

Kando ya Lubaga kulikuwa na umwafi, kinywaji cha sumu kilichotumika kuamua mashtaka ya uchawi. Aliyetapika alihesabiwa kuwa hana hatia. Aliyeshindwa kutapika alikuwa amejihukumu mwenyewe. Ni haki kuongeza kwamba waliotiwa hatiani mara nyingi walifukuzwa na kwenda kuanza maisha kwingine. Mila hiyo, pamoja na hatari yake yote, iliacha mlango wa kutokea.

Mwaka 1891 waliwasili Wamoraviani, waliojenga Rungwe, na Waluteri wa Misheni ya Berlin. Vituo vyao vikawa kimbilio la watu waliosakamwa, wakiwemo wanawake na waliotuhumiwa uchawi. Dola ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, ilipiga marufuku umwafi, na sheria ya kikoloni dhidi ya uchawi imerithiwa na Tanzania huru. Lakini mkoloni hakuondoa mauaji kwa hukumu, aliyahamisha. Alimnyang'anya mzee kikombe cha sumu akamkabidhi hakimu kitanzi. Kwa mwanakijiji, kilichobadilika ni mahali, vazi na lugha ya anayetamka neno la mwisho.

Kanisa Katoliki lilichelewa kufika huku, ingawa mwaka 1932 Tukuyu ndiyo iliyolipa jina eneo la kimisionari ambalo leo ni Jimbo Kuu la Mbeya. Lilileta fundisho lililo wazi kuhusu uhai wa asiye na hatia: mtoto aliye tumboni, mgonjwa mahututi, mzee asiyejiweza; hakuna mwenye ruhusa ya kuwaua kwa makusudi, hata kwa nia njema. Kwa kipimo hicho, kifo cha Lwembe kilikuwa kosa tangu siku ya kwanza. Mtu hawezi kuzibwa pumzi kwa sababu ni mgonjwa na nchi inahitaji mvua.

Hata hivyo, kwa karne nyingi Kanisa hilo hilo lilikubali kwamba dola inaweza kumuua mhalifu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wake mkuu wa karne ya 13, alifananisha jamii na mwili: kiungo kilichooza hukatwa ili mwili upone. Hapa ndipo tunapokutana tena na Lubaga. Mantiki ya mwanateolojia wa Ulaya na ya washauri wa Lwembe ina mzizi mmoja: mtu ni sehemu, jamii ndiyo kitu kizima, na sehemu inaweza kutolewa kwa faida ya kitu kizima. Tofauti iko kwenye hatia, kwani Lwembe hakuwa nayo; lakini hesabu inayopigwa ni ile ile. Hata Dola ya Vatikani ilikuwa na adhabu ya kifo katika sheria zake kuanzia mwaka 1929, ikaifuta mwaka 1969.

Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyejulikana kwa kuhudhuria misa karibu kila siku, aliweza kuiacha hukumu ya kifo itekelezwe. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Saidi Mwamwindi, mkulima wa Isimani aliyemuua kwa risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi mwaka 1971. Mwamwindi alinyongwa. Mafundisho ya Kanisa ya wakati huo hayakumzuia Rais.

Mafundisho hayo yalisogea. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai, aliandika kwamba mazingira yanayoilazimu dola kuua ni nadra sana, kama yapo. Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha kifungu cha 2267 cha Katekisimu: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa hadhi ya binadamu haipotei hata baada ya kutenda uhalifu mkubwa. Kwa maneno mengine, mtu si kiungo cha kukatwa.

Dola yetu nayo imesogea, lakini ikasimama katikati ya mto. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaiacha iendelee kwa maelezo kwamba Katiba inaruhusu mipaka hiyo kwa maslahi ya umma. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini hati za kunyonga. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliiagiza Tanzania ndani ya mwaka mmoja iondoe ulazima wa hukumu hiyo. Mwaka ulipita na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kikabaki. Jaji anayemtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia hana hiari: lazima atamke kifo.

Wanafunzi wangu hunijibu kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mkoa wa Mbeya ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa ajili ya biashara ya kishirikina. Je, wauaji wa namna hiyo wahurumiwe? Jibu langu ni kwamba kumfunga mtu maisha si kumhurumia, na kwamba kitanzi kilikuwepo katika sheria wakati wote ule na hakikuwazuia. Mahakama pia hukosea, na aliyenyongwa kwa makosa harudishwi kwa rufaa.

Lakini liko jambo lililo zito zaidi. Mamlaka ya tatu, kundi lenye hasira, linajifunza kutoka kwa zile mbili za kwanza. Kijana anayebeba tairi na petroli kumchoma mtuhumiwa wa wizi, au jiwe la kumponda bibi kizee mwenye macho mekundu, husema anasafisha jamii. Hajui Akwino, na huenda hajawahi kusikia habari za Lubaga, ila hesabu yake ni ile ile. Serikali inapomwambia asiue kwa faida ya wengi, huku yenyewe ikiwa imehifadhi haki hiyo kwenye kifungu cha sheria, inamfundisha tu kwamba amekosea utaratibu.

Kwa watumishi wa umma na wanaharakati wanaosoma ukurasa huu, kazi ya kwanza ni ndogo na inawezekana: kumrudishia jaji hiari katika kifungu cha 197. Ya pili ni kufuta adhabu yenyewe. Sheria yetu tayari inamwepusha mjamzito na kitanzi na kumpa kifungo cha maisha; kwa hiyo inajua kwamba kuna uhai ambao hatia ya mtu mwingine haiugusi. Imebaki hatua moja: kukiri kwamba hata pumzi ya mwenye hatia haikuwa mali ya wazee wa Lubaga, wala ya gavana, wala si ya Jamhuri.