Upimaji wa afya ya jamii Morogoro Vijijini

Upimaji wa afya ya jamii Morogoro Vijijini ulikuwa utaratibu wa kutathmini jinsi wilaya hiyo, yenye vijiji vingi vya milima ya Uluguru, ilivyolinda afya ya wakazi wake. Ulifanywa kupitia miradi miwili ya Wizara ya Afya ya Tanzania iliyomalizika 2004. Wa kwanza, AMMP, ulianza 1992 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ukichunguza magonjwa na vifo vya watu wazima. Wa pili, TEHIP, uliosaidia wilaya kupanga matumizi ya fedha za afya, uliendeshwa pamoja na shirika la IDRC la Kanada, ukihusisha pia Wilaya ya Rufiji.

Mbinu

Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika zahanati huonyesha waliofika kutibiwa. Anayefia nyumbani hayumo. Kwa hiyo wadodosaji walipita kaya kwa kaya katika maeneo yaliyochaguliwa, wakiandikisha wakazi, vizazi na vifo. Palipotokea msiba, wafiwa waliulizwa dalili za marehemu na alikotafuta tiba, kisha madaktari wakakadiria chanzo cha kifo.

Matokeo

Taarifa hizo zilipowekwa kando ya bajeti, pengo lilionekana. Malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea wilayani, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Viongozi wa afya wa wilaya walipanga upya matumizi, wakaimarisha vyandarua vyenye dawa na matibabu ya mtoto kwa uwiano, yaani kumchunguza mtoto mgonjwa malaria, nimonia, kuhara na utapiamlo kwa pamoja. Wanakijiji nao walitoa nguvu zao kukarabati zahanati.

Katika wilaya hizo mbili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Mabadiliko hayo hayakutokana na mradi peke yake: utafiti uliozilinganisha na Kilombero na Ulanga, ambako matibabu ya uwiano yalikuwa hayajaanza, ulikuta vifo hivyo katika wilaya za mradi vikiwa pungufu kwa asilimia 13 tu kati ya 2000 na 2002.

Umuhimu

Jengo jipya na dawa kabatini havithibitishi kwamba jamii inalindwa. Kipimo cha kweli ni nani wamekufa, kwa ugonjwa gani, na kama fedha za mwaka unaofuata zimeelekezwa huko. Kila halmashauri inapaswa kujibu maswali hayo kabla ya kupitisha bajeti yake ya afya.