Anjiosakoma ya ini

Anjiosakoma ya ini ni saratani adimu ya tishu laini inayoanzia katika seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu ya ini. Haizidi takriban asilimia 2 ya saratani zinazoanzia kwenye ini, na huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa.

Visababishi. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Vinavyojulikana ni aseniki, Thorotrast (dawa ya picha za eksirei yenye thoriamu, iliyotumika hadi miaka ya 1950) na gesi ya kloridi ya vinili inayotumika kutengeneza plastiki ya PVC. Mwaka 1974 ugonjwa huu ulibainika miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha PVC mjini Louisville, Marekani, waliokuwa wakisafisha matangi ya kuchanganyia kemikali. Baadaye Marekani iliweka kikomo cha sehemu 1 ya gesi hiyo kwa sehemu milioni ya hewa kazini.

Dalili. Uchovu, kupungua uzito na maumivu ya tumbo. Uvimbe ukipasuka, damu humwagikia tumboni ghafla: tumbo hujaa na kuuma vikali, ngozi hupauka, shinikizo la damu hushuka.

Uchunguzi na tiba. Picha za CT huonyesha uvimbe na damu iliyovuja. Kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano ili kukipima kwaweza kusababisha damu ianze kuvuja upya. Damu huzuiwa kwa kuziba mshipa unaolisha uvimbe, kisha upasuaji ukiwezekana. Kupandikiza ini hakushauriwi, kwa kuwa saratani hurudi upesi. Bila tiba, wagonjwa wengi hufariki ndani ya miezi 6.